Ndugu Yangu Alinenepa Krismasi, Mimi Nikaitwa Mchawi

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na moja kwa hesabu ya mama yangu mdogo, maana cheti sijawahi kuwa nacho. Nakaa Mkula, kwenye kijumba alichonijengea binti yangu nyuma ya nyumba yake. Kwetu siyo hapa. Kwetu ni Ngulyati, kule Bariadi, walikozikwa baba na mama, na kule sijalala miaka mingi sana. Nataka niwaeleze kwa nini.

Mnisamehe mwandiko. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, tukifundishwa kwenye ghala la pamba, mwalimu akiandika mlangoni kwa mkaa. Nikianza jambo moja naingia lingine, ndivyo ninavyoongea hata na mbuzi wangu. Lakini nitafika.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, nimwite Masanja. Mama alifariki akimwacha bado ananyonya. Mimi nilikuwa msichana mkubwa. Nilimbeba mgongoni nikipalilia pamba, nikamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kibuyu, na akilia sana nilimpa titi langu lisilokuwa na kitu ili apate tu kunyamaza. Mtoto wa namna hiyo unamwitaje? Ndugu? Mwanao?

Baadaye niliolewa upande huu wa ziwani, nikazaa binti mmoja, mume akaoa mwingine, nikarudi kwa baba. Habari za huyo mume siziandiki, hana faida. Baba naye alipofariki tukabaki kwenye kaya ile, mimi na kijumba changu karibu na zizi, Masanja na mke wake Kabula kwenye nyumba kubwa. Ng'ombe nilikamua mimi, na chungu nilikipika mimi. Kabula alikuwa mpole wa macho na mvivu wa mikono. Nitamrudia huyo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi vijana hamjui. Kabla ya hapo tulipanga foleni kutwa nzima kwa kipande cha sabuni, ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Halafu ghafla ruksa! Maduka ya Bariadi yakajaa vitenge, redio, mitumba, na baiskeli za Kichina zimefungwa karatasi kama maharusi. Na wanunuzi wa pamba wakaja na mizani yao, siyo ushirika peke yake tena, kila mmoja akitaka wakulima wampende yeye. Mmoja wao akaanzisha mashindano ya baiskeli. Wakati huo tulikuwa mkoa wa Shinyanga bado, Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu.

Mimi nilikuwa na mtamba mmoja, mali yangu mwenyewe. Nikampa Masanja, akauza, akanunua baiskeli. Akang'oa madigadi, akang'oa stendi, akang'oa mpaka kengele, apate wepesi. Niseme ukweli, alikuwa na miguu. Kila alfajiri alikwenda Bariadi na kurudi kabla jua halijachoma. Siku nyingine alifunga kiroba cha mchanga kwenye keria akapanda nacho kilima, apate nguvu za mapaja. Alishinda mashindano mengi madogo. Watoto walimkimbilia barabarani wakiimba jina lake. Nami nilisimama pale mlangoni na ungo wangu, nikijifanya napepeta, kumbe nasikiliza.

Sasa ikaja Krismasi.

Mwaka ule pamba ilikuwa imelipa. Masanja akaniambia, "Dada, nimechoka. Napumzika mpaka mwaka mpya. Wewe nipikie tu."

Nipikie... Mtu uliyemlea akikuambia hivyo, utafanyaje? Nilipika. Wali wa samli, mbuzi wa kuchemsha na supu yake, sato walioletwa kutoka ziwani, michembe ya viazi vikavu kwa maziwa mgando, ugali wa kila saa. Alikuwa akimaliza kula analala kwenye kiti cha kamba, akiamka anauliza kuna nini. Pombe ya mtama aliletewa na marafiki. Baiskeli aliitundika ukutani, na buibui wakafanya kazi yao kwenye spoku.

Mwaka mpya ukafika ukapita. Masanja akasema ngoja wageni waondoke. Wageni wakaondoka. Akasema ngoja mvua ikatike. Ikakatika. Akasema anasikia mgongo. Januari ikaisha hivyo, tumbo limetoka mbele, shingo imeingia ndani.

Kwetu mtu kunenepa ni heshima kwa anayempikia. Wanawake kisimani waliniita mayu, yaani mama, wakasema, "Mayu, ndugu yako umemtunza, anang'aa kama mafuta." Sitawaficha, nilifurahi. Nilitembea na ndoo yangu kichwani kama nimebeba taji.

Ndipo yule mnunuzi wa pamba akatangaza mashindano makubwa Jumatatu ya Pasaka, kutoka Bariadi mpaka Ngulyati na kurudi. Mshindi atapewa plau mpya na dume la ng'ombe. Masanja akaishusha baiskeli ukutani, akaifuta, akaipaka mafuta mnyororo. Asubuhi yake akaondoka kama zamani, kuelekea Bariadi moja kwa moja.

Nilikuwa nakamua. Ng'ombe wa pili sijammaliza, namwona anarudi akikokota baiskeli, jasho limemlowanisha kama mtu aliyevuka mto.

"Tairi?" nikamuuliza.

"Tairi ni zima."

"Mnyororo?"

"Mzima, dada. Acha maswali."

Nikacheka. Mdomo wangu huu haujawahi kuwa na breki. Nikamwambia, "Basi miguu hiyo siku hizi imekuwa ya kukalia. Hata kuku wangu wanakushinda mbio."

Kabula naye akacheka, mpaka akajificha uso kwenye kanga. Masanja hakucheka. Aliegemeza baiskeli akaingia ndani.

Kesho yake hakuweza kuchuchumaa. Nilimsikia chooni ameshika ukuta wa miti, anaugulia kama mwanamke mwenye uchungu. Nikamchemshia maji, nikamkanda mapaja kwa samli, huku namwambia taratibu, "Mdogo wangu, dume la plau likikaa miezi bila nira, siku ya kwanza utalilimisha shamba zima? Si unalipeleka mistari michache, unalifungua? Nenda mpaka shuleni, urudi. Kesho hivyo hivyo. Wiki nyingine usogee mpaka darajani. Na hiyo pombe uiache kwanza."

Akaniambia, "Dada, wewe habari za mbio unazijua wapi? Mimi ni bingwa."

Bingwa akaendelea na ubingwa wake. Kila akipata nafuu anaelekea Bariadi, na kila safari anaishia njiani. Siku moja kijana mmoja wa Dutwa, ambaye Masanja alikuwa anamwacha kila mwaka, akampita pale kwenye kilima. Ampite tu? Alimpita akiwa amepakia mbuzi kwenye keria anampeleka mnadani, na anapiga mluzi! Habari hiyo ilifika nyumbani kabla ya Masanja mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuongea. Alikaa akiitazama miguu yake kama imeazimwa kwa jirani.

Nimekaa sana duniani na jambo moja limenishangaza zaidi ya yote. Mtu yuko tayari kuamini lolote, lolote kabisa, ila siyo kwamba amekula sana na amelala sana.

Nilikuwa na kuku wa madoadoa mwenye vifaranga. Asubuhi moja nikahesabu, kimoja hakipo. Nikamtukana mwewe matusi yote ninayoyajua. Kumbe mwewe hana kosa. Sisi huku waganga wetu wa ramli wanatumia kifaranga. Mwenye shida anakitemea mate, mganga anakipasua, anasoma mambo yake kwenye matumbo. Masanja alikwenda kwa mganga kunichunguza mimi... na kifaranga changu mimi, nilichokiangua kwenye kikapu changu chini ya kitanda changu!

Mganga akamwambia amelishwa kitu kwenye chakula. Aliyemlisha ni mwanamke wa tumbo moja naye, ana macho mekundu, na alitamka maneno juu ya miguu. Haya maneno ya mganga niliyajua baadaye. Lakini nani hangeweza kupiga ramli hiyo? Kicheko changu kilikuwa kimezunguka Ngulyati nzima, na dada mwenye kupika alikuwa mmoja.

Aliporudi nikampelekea ugali na mlenda. Akaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akainuka, akamwekea mbwa mbele yangu. Akasimama anamtazama yule mbwa muda mrefu. Mbwa akamaliza, akajilamba, akamtazama naye, anaomba zaidi.

"Masanja, chakula kina nini?"

"Wewe ndiye unajua."

Kuanzia jioni hiyo Kabula akaanza kupika, yeye ambaye alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi. Nikajua nimekwisha.

Wakaniita kwenye dagashida. Kwa wasomaji wa mbali, dagashida ni baraza letu la Kisukuma, watu wote wanakaa uwanjani na neno lao ni la mwisho. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyekula nyumbani kwa baba siku nyingi. Masanja alisimama akaeleza miguu yake ilivyokuwa na ilivyo sasa. Alieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikamhurumia.

Halafu wakamsimamisha Kabula.

"Shemeji," mwenyekiti akamwambia, "wifi yako alisema nini siku ile?"

"Alisema miguu imekuwa ya kukalia."

"Alisema kwa hasira au kwa kucheka?"

"Kwa kucheka."

Watu wakaguna. Ningekasirika ingekuwa hasira tu ya dada. Lakini nilicheka, kwa hiyo nilikuwa najua nililolifanya. Sikilizeni jinsi mambo yanavyogeuzwa.

Nikasimama. Nikasema, "Kwamba nilimpa chakula ni kweli. Kwamba alikula ni kweli. Sasa muulizeni alikula kiasi gani."

Wengine wakacheka, mwenyekiti akawanyamazisha. Sauti moja nyuma ikasema, "Ninyi mtazameni macho tu."

Macho... Mwanamke gani wa Ngulyati anayepikia kuni mbichi na mavi ya ng'ombe asiwe na macho mekundu? Lakini miaka ile mliisikia, au mliisoma. Wanawake wenye macho kama yangu walikuwa wanakatwa mapanga. Mimi nilijua. Kila aliyekaa pale alijua. Ndiyo maana waliposema nitengwe tu, kuna aliyeninong'oneza, "Shukuru Mungu, mayu." Nishukuru!

Kutengwa kwetu hakuna kipigo. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuchotea maji, hakuna wa kukusalimia. Anayekusalimia anatozwa ng'ombe. Ukikaa utakauka peke yako, kwa hiyo unaondoka mwenyewe, na watu wanasema hatukumfukuza, alihama.

Nilimgeukia Masanja. Nikamwambia, "Mimi sitaki la baraza. Nataka la kwako. Sema."

Hakuinua uso. Akasema, "Dada, mimi nataka miguu yangu tu."

Niliondoka na jembe, chungu na kitenge kimoja. Kuku niliwaacha. Mchana kweupe napita katikati ya mashamba ya watu, nikasema "mwadila" kwa kila niliyemkuta, kama ninavyosalimu siku zote. Hakuna aliyeitikia. Mwanamke mmoja ambaye mtoto wake wa kwanza nilimpokea kwa mikono hii, alinigeuzia mgongo akaendelea kupalilia, na jembe lake lilikuwa linapiga mahali palipokwisha kupaliliwa.

Binti yangu alinipokea hapa Mkula. Lakini mjue, kwa Wasukuma mkwe na mkwe hawakai pamoja. Mume wa binti akikuona njiani anapita porini, na wewe unajifunika. Mimi nikaja kukaa kwenye kaya ya mkwe wangu mtu mzima, kama kisiki kilichosahauliwa katikati ya shamba. Nikijua yuko uani, sitoki. Akijua nimetoka, haji. Tuliishi hivyo tukiviziana mpaka kijumba kikajengwa.

Ikafika Pasaka. Nilikwenda gulioni kununua chumvi. Mwuza chumvi alikuwa mtu wa kuzunguka, hanijui. Anawasimulia wateja mashindano ya Bariadi.

"Masanja wa Ngulyati aliwaacha mbali kabisa," anasema. "Walipomwondoa tu yule dada yake mchawi, miguu ikafunguka."

"Kumbe ilikuwa kweli," akasema mwanamke aliyesimama pembeni yangu.

"Kweli tupu. Mama, wewe unataka kiasi gani?"

Nikamwambia. Nikapokea chumvi yangu nikaenda.

Mmeelewa hapo, wasomaji? Siku zote hizo nilikuwa na tumaini moja. Nilisema moyoni, mimi siko, atashindwa tena, wataona kwamba siyo mimi. Sasa ameshinda. Kushinda kwake ndiko kulikonifungia mlango. Ningemwombea nini? Ashindwe, mtoto niliyembeba mgongoni? Na tangu utoto wake nilikuwa namwombea ashinde, Mungu akachagua siku hiyo kunisikiliza.

Habari ilihamia na Mkula. Wajukuu wangu wakaanza kuachwa nyuma kisimani. Mmoja akaugua homa, homa ya kawaida ya masika, na baba yake akaja akasimama mbali na mlango wangu, kinyume cha mila, anakitazama kijumba bila kusema. Mtoto alipona kwa vidonge vya zahanati. Kama asingepona, nisingekuwa ninawaandikia. Na kutoka Ngulyati nikasikia nyumba yangu wamefungia mbuzi.

Mwaka ukazunguka. Krismasi ikapita tena. Mchana mmoja natwanga mtama, naona mwanamke anakuja na mtoto mgongoni, mdomo umevimba upande. Kabula.

"Mwadila, wifi."

Sikuitikia. Nilitwanga mtama wote ukalainika, nikaongeza mwingine. Yeye amesimama juani. Nilitaka asimame juani, na kama jua lingeongezwa ningeliongeza.

Hatimaye akasema, "Amenenepa tena."

"Nani?"

"Masanja. Baada ya pamba alisema anapumzika mpaka mwaka mpya. Sasa amerudi kwenye baiskeli, hata shuleni hafiki. Amekwenda kwa mganga. Mganga anasema ni mkono unaompikia."

"Na anayempikia siku hizi ni nani?"

Akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Nakuuliza, wifi. Chungu anashika nani?"

"Mimi."

Nilisikia raha mpaka kwenye kucha za miguu. Siwafichi.

Akakaa chini bila kukaribishwa. Akaanza kunieleza na mambo ya mwaka ule wa kwanza, ya kifaranga na ramli, na dawa aliyopewa Masanja. Ilikuwa unga mweusi wa kulamba asubuhi. Lakini dawa ilikuwa na masharti.

"Masharti gani?"

"Wiki ya kwanza asivuke shule. Wiki ya pili asivuke daraja. Akiongeza, aongeze kidogo kidogo mpaka dawa iingie kwenye mifupa. Pombe asinywe. Nyama ya mafuta asile. Alale mapema. Akivunja sharti moja, dawa inakufa."

Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia, shule, daraja, pombe.

Nilicheka. Nilicheka nikauachia mchi ukaanguka, mtoto mgongoni akaanza kulia. Kisha nikajikuta sicheki tena. Nikamuuliza, "Kabula, hayo siyo niliyomwambia mimi? Nikimkanda na samli?"

"Ndiyo, wifi. Nilikuwepo."

"Na barazani ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukasema?"

Alitazama chini. "Hawakuniuliza hilo."

Nilimpa maji. Kiti sikumpa.

Lakini nikafikiri. Huyu sasa ana shida kama yangu. Tukienda wawili, akasema haya mbele ya watu, wataniachia nyumba yangu. Sikuwa nataka kupendwa. Nilitaka kijumba changu karibu na zizi, nilale karibu na baba na mama. Siku ya baraza alilokuwa ameitiwa tukaondoka pamoja, mimi mbele, yeye nyuma.

Watu walikuwa wengi. Kabula alisimama akasema yote. Halafu nikaomba nimuulize Masanja swali moja. Alisimama. Kwa kweli alikuwa amenenepa, shati halifungi kifungo cha chini.

"Mimi mwaka huu niko Mkula," nikamwambia. "Sijakupa hata maji. Nani amekulisha uzito huu?"

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. Nikaona wazee wananong'onezana. Moyo wangu ukaanza kurudi nyumbani, naona kabisa mlango, naona mahali nitakapoweka chungu.

Mwenyekiti akanyanyuka, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Mayu, maneno yako tumeyasikia, hatuyakatai. Lakini aliyetengwa ana njia yake ya kurudi. Anatoa ng'ombe, anakiri, anasafishwa, anarudi kwake. Ukifanya hivyo hata leo utalala kwako."

"Nakiri nini, mzee?"

"Kile ulichotengewa."

"Nikiri uchawi?"

"Ni neno tu, mayu. Likishapita mdomoni limekwisha."

Hapo ndipo Masanja akafungua mdomo. Nilidhani ataniokoa. Akasema, "Dada, kiri tu. Ng'ombe wa faini nitakutolea mimi. Lile dume nililoshinda Pasaka bado ninalo."

Wasomaji, nimezika mama, nimezika baba, nimeachwa na mume. Hakuna kilichonikata kama upole wa neno lile. Alikuwa anadhani ananifanyia wema. Kwa hiyo alikuwa anajua sina kosa... Tangu lini? Sijui. Lakini siku ile alijua, na bado alitaka niwe mchawi, maana nisipokuwa mchawi, yeye ni nani? Ni mtu aliyekula akalala akamfukuza dada yake.

Nyumba yangu ilikuwa pale, naliona paa lake kutoka uwanjani. Neno moja tu.

Nikasema, "Nilimpikia ndugu yangu. Hilo nakiri mbele yenu wote. Jingine sina."

Mwenyekiti akapiga ulimi. "Basi, mayu, hukutusaidia."

Kabula alikiri. Siku hiyo hiyo, uwanja ule ule, mimi nikiwa bado nimesimama. Alikuwa na watoto wengine kule nyumbani, angefanyaje. Alikiri, akanyunyiziwa maji, akarudi kwa mumewe. Mpaka leo anaishi pale akiitwa mchawi aliyekiri mwenyewe, na binti zake wamechelewa kuolewa kwa sababu hiyo. Ningesema simlaumu... Hapana, namlaumu. Lakini usingizi haunikatiki kwa ajili yake.

Masanja hakushinda tena. Kila mwaka mapumziko yalikuwa marefu kuliko mazoezi, na mganga hakuwa na mwanamke mwingine wa kumtaja kwenye kaya ile. Sasa ni mzee, ana sukari. Nasikia daktari wa hospitali alimwambia apunguze kula, aanze kutembea, mwanzo karibu, baadaye mbali. Nasikia pia aliwaambia watu kuwa daktari hajui, mwenye mkono yuko Mkula. Alinitumia salamu mara mbili. Sijazijibu na sitazijibu.

Mkapumzike sikukuu zenu, mle, mlale, mimi sina kinyongo na chakula. Lakini mkirudi kwenye jembe au kwenye baiskeli mkaona pumzi imekuwa fupi na mapaja yanauma, mjue ni mwili unaanza upya, anzeni padogo. Msitazame jikoni kutafuta nani amewafanya. Aliyeko jikoni ni mtu aliyekuwa anafurahi mkimaliza sahani.

Na kama mtaambiwa mkiri jambo ambalo hamkulifanya ili mpate mahali pa kulala, siwaambii mkatae. Mimi nilikataa, na kukataa kwangu hakuna aliyekusifu, na mvua ikinyesha kijumba hiki kinavuja juu ya kitanda. Kila mtu na shida zake, na watoto wake. Ninachowaomba ni kimoja. Msiwe miongoni mwa wale waliokaa uwanjani.